Likizo ya Desemba Dar: Sanaa ya Mitaani, Tiara na Bahari Bila Kwenda Mbali

Shule zikifunga Desemba, maswali huwa yale yale. Watoto niwapeleke wapi bila kumaliza mshahara? Pale kwenye Sanamu ya Askari kuna la kufanya zaidi ya kupita? Saa ngapi jua halichomi? Naruhusiwa kupiga picha? Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kupanga matembezi ya namna hii na anataka kuanza wiki hii hii. Umeandikwa kwa kiangazi, Desemba hadi Februari, wakati kaskazi inavuma na joto la mchana linapita nyuzi 31. Ukiutumia likizo ya Juni, habari za jua na upepo zitabadilika, mengine yatabaki vilevile.

Kanuni ni moja tu: eneo moja kwa siku, na mmeshatoka nyumbani kabla ya saa 1 asubuhi. Anayepanga Posta (katikati ya jiji), Mwenge na ufukwe wa Coco kwa siku moja ataona foleni za Dar kuliko sanaa ya Dar, na watoto watakataa kutoka naye tena.

Vya kuandaa

- Maji. Kwa matembezi ya saa 3, lita 1 kwa mtu mzima na nusu lita kwa mtoto. Gandisha chupa ikiwa nusu usiku, asubuhi jazia maji ya kawaida. Usigandishe chupa iliyojaa, itapasuka.
- Kofia yenye ukingo, na kanga moja ya ziada. Hiyo kanga utaikalia, utajifunika jua, utamfutia mtoto aliyelowa.
- Daftari lisilo na mistari, penseli 2 kwa kila mtoto, kichongeo na ufutio. Rangi za nta ziacheni nyumbani, zinalainika kwenye begi na kuchafua kila kitu. Penseli za rangi ndizo za kutembea nazo.
- Viatu vya kufunga. Kandambili zinafaa mchangani tu.
- Noti ndogo na sarafu. Muuza madafu wa saa 2 asubuhi hana chenji ya elfu kumi.
- Kitambulisho. Kiingilio cha makumbusho kwa Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, na mlangoni unaweza kuombwa uthibitishe.
- Kikapu au mfuko wa kitambaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.

Hatua ya 1: Anzia mtaani kwako

Wengi huruka hatua hii kwa sababu wanadhani sanaa iko mjini. Usiiruke. Ndiyo inayomfundisha mtoto kutazama, haina nauli, na mkichoka nyumbani ni hapo.

Chukueni dakika 45 tu, saa 12:30 hadi saa 1:15 asubuhi, ndani ya kilomita moja. Tafuteni vitu vilivyochorwa kwa mkono: bango la saluni lenye vichwa vya mitindo ya kunyoa, ukuta wa shule ya chekechea, jina la duka la dawa, maandishi nyuma ya bajaji, kiuno cha daladala, geti lenye maua ya chuma. Kila mtoto achague kimoja tu, kisha asogee karibu nacho.

Hapo ndipo kazi ilipo. Chukua bango la saluni. Ukiwa hatua mbili kutoka ukutani utaona mambo ambayo barabarani hayaonekani: mistari ya penseli ambayo mchoraji aliipiga ili herufi zisipande wala kushuka, halafu akaisahau kuifuta, kivuli cheusi cha herufi kilichowekwa upande mmoja tu, kulia na chini, ili neno lionekane limeinuka, mahali ambapo nafasi ilimwishia na herufi za mwisho zikabanwa. Muulize mtoto: taa ya huyu mchoraji inatoka upande gani? Akishajibu swali hilo kwenye bango moja, atalijibu kwenye kila ukuta wa jiji hili.

Misemo ya bajaji na daladala iandikeni daftarini kama ilivyo, na makosa yake ya tahajia yote. Jioni mjadili maana. Huo ni mchezo wa nyumba nzima, na bibi au babu huwa anawashinda wote.

*Kosa la kawaida:* kuelekeza simu kwenye saluni ya watu kabla ya salamu. Salimia, sema unachokitaka, ndipo upige. Mara nyingi mwenye saluni atakwambia na jina la aliyechora.

Hatua ya 2: Chagua eneo la siku

Posta inafaa kwa wenye watoto wa miaka 8 na kuendelea, kwa sababu ya kuvuka barabara. Iendeeni Jumapili asubuhi, magari yakiwa machache. Maduka mengi yanakuwa yamefungwa, kwa hiyo maji na vitafunwa viwe begini.

Oysterbay, yaani wachoraji wa Tingatinga (mtindo wa uchoraji ulioanzia hapo) pamoja na Coco, inafaa kwa umri wowote. Nendeni siku ya kazi. Jumapili jioni Coco hujaa hadi hamsikilizani.

Mwenge, Kijiji cha Makumbusho na Mikocheni ni kwa siku yenye mawingu au ya mvua za mwisho za vuli, kwa kuwa sehemu kubwa mnakaa chini ya paa.

Hatua ya 3: Panga saa kwa kufuata jua, na bahari pia kama mnakwenda pwani

Jua kwanza. Desemba na Januari jua la mchana kwetu halikai utosini kabisa, linaegemea kusini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unapigwa jua mchana kutwa na picha yake inapauka, ukuta unaotazama kaskazini uko kivulini na rangi zake zinatulia. Juni ni kinyume. Ukuta unaotazama mashariki uone jioni, unaotazama magharibi uone asubuhi. Picha za simu zinazotoka na nusu nyeupe nusu nyeusi karibu zote zimepigwa kwenye ukuta wenye jua upande mmoja na kivuli cha mti upande mwingine. Subiri kivuli kifunike wote, au njoo saa nyingine.

Saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri mkae ndani au chini ya mti. Hili halina mjadala kwa watoto wadogo. Jua linazama saa 12:30 hadi 12:50 jioni kipindi hiki, kwa hiyo mna saa 3 nzuri za jioni.

Sasa bahari. Kwenye pwani ya Dar, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku mbili zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa sana mnamo saa 4 hadi 5 asubuhi, kisha hujaa sana mnamo saa 10 alasiri. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki moja mambo yamegeuka, asubuhi maji yamejaa na alasiri yamekupwa, na tofauti yake ni ndogo. Hayo ndiyo maji mafu. Ukitaka watoto waone mabwawa kwenye mawe na wachore mchangani, nendeni asubuhi ya bamvua. Angalia mwezi usiku uliotangulia, au kalenda yenye tarehe za mwezi.

Hatua ya 4: Posta kwa miguu, kilomita 2 hivi

1. Anzieni Mnazi Mmoja. Mkija na mwendokasi, shukeni Kisutu mtembee kidogo. Kwenye viwanja hivyo kuna mnara mweupe wenye mwenge juu, ukumbusho wa Uhuru wa 1961. Kaeni mbali nao kwa hatua 30 hivi ili uonekane wote, na mtoto auchore kwa mistari 5 tu. Zoezi la mistari 5 linamlazimisha kuamua kipi ndicho muhimu.

2. Fuateni Mtaa wa Uhuru hadi unapokutana na Samora. Hapo pana Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka huo huo wa 1961. Ni kituo cha dakika 5.

3. Shikeni Samora hadi Sanamu ya Askari. Hapa tulieni, dakika 20 au zaidi. Sanamu iko katikati ya mzunguko wa magari, kwa hiyo kwanza itazameni kutoka ukingo wa barabara, kisha mvuke kwenye pundamilia mkiwa mmeshikana mikono.

Mambo ya kuwaonyesha watoto: askari ni wa shaba nyeusi, ameinama mbele, bunduki yenye singe imeelekea bandarini. Alichongwa na James Alexander Stevenson, Mwingereza, na kuzinduliwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Kabla yake, mahali hapo palisimama sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Iliondolewa Waingereza walipoingia 1916. Kwa hiyo mahali hapo hapo alisimama mtawala, akafuatia askari asiye na jina. Muulize mtoto anaonaje badiliko hilo, kisha nyamaza umsikilize.

Halafu zungukeni msome maandishi ya chini. Kiingereza chake kiliandikwa na Rudyard Kipling, na Kiswahili kimeandikwa mara mbili, kwa herufi za Kilatini na kwa herufi za Kiarabu. Mtoto anayesoma madrasa apewe nafasi ya kuwasomea wenzake hayo ya pili. Atakumbuka siku hiyo. Tafuteni pia mahali panapotajwa wapagazi. Hao ndio waliobeba mizigo ya vita ile vichwani, na maelfu kwa maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Sanamu inaonyesha mwenye bunduki. Wapagazi mnawapata kwenye maneno. Ni vizuri mtoto ajue kwamba sanaa ya hadharani husema jambo kwa inachokiweka juu na inachokiacha chini.

4. Endeleeni na Samora hadi Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa na Wajerumani 1893. Kuna vivuli vya kutosha. Kuleni hapo, mchore majani: weka jani chini ya karatasi, mgongo wenye mishipa ukiangalia juu, kisha sugua kwa ubavu wa penseli. Wenye miaka 4 wanaliweza.

5. Jirani ni Makumbusho ya Taifa na Nyumba ya Utamaduni, Mtaa wa Shaaban Robert. Ingieni jua likiwa kali. Uani kuna ukumbusho wa waliopoteza maisha katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa 7 Agosti 1998. Pasimamiwe kwa utulivu. Ndani, habari za Zinjanthropus aliyepatikana Olduvai 1959 ndizo zinazowashika watoto. Msijaribu kumaliza jengo zima. Vyumba 2 vinatosha.

*Tahadhari ya picha:* usipige picha Ikulu, majengo ya jeshi na polisi, bandari wala eneo la kivuko cha Kigamboni, hata kama mandhari ni nzuri na hata kama kila mtu anajipiga. Ukiona mlinzi mwenye silaha, weka simu mfukoni kwanza ndipo uulize.

Hatua ya 5: Oysterbay kwa wachoraji wa Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru, alianza kuchora Oysterbay 1968, akiuza picha zake pale Morogoro Stores. Alitumia alichoweza kununua: vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alifariki 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na leo wachoraji wa mtindo huo wako pamoja kwenye ushirika wao, Barabara ya Haile Selassie.

Utaratibu mzuri ni huu. Fikeni saa 3 asubuhi. Zungukeni mara moja bila kusimama, kila mtu akichagua mnyama mmoja. Kisha ombeni ruhusa ya kukaa karibu na mchoraji mmoja kwa dakika 15. Rangi hii inakauka taratibu, kwa hiyo mchoraji hupaka usuli kwanza na kuuacha ukauke kabisa, ndipo anaweka umbo la mnyama, kisha madoa, manyoya, jicho. Ndiyo maana utamwona ana picha 6 mbele yake, kila moja imefika mahali tofauti. Angalieni mkono: kwenye madoa ya chui brashi haiburutwi, inagusa na kuinuka, na kila doa linaanza na rangi nyingi kuishia na kidogo. Mwambie mtoto ahesabu ni madoa mangapi kabla brashi haijarudi koponi.

Kama mnanunua, ndogo ya kitambaa isiyo na fremu ndiyo rahisi kubeba. Iguse kwa kidole pembeni. Ikinata haijakauka, usiikunje. Ikikauka, iviringishwe upande wa rangi ukiwa nje, maana ukiuviringisha kwa ndani rangi hubanana na kupasuka. Bei ipatane kwa heshima, mbele ya aliyechora ikiwezekana.

*Tahadhari:* harufu ya rangi na tina ni kali. Mtoto mwenye pumu akae upande wenye upepo, na dawa yake iwe mfukoni kwako.

Hatua ya 6: Mwenge, Makumbusho, Mikocheni

Kwenye soko la vinyago Mwenge nendeni kuwaona wachongaji zaidi ya maduka. Kaeni nyuma yao au ubavuni, kamwe si mbele, kwa sababu tezo hurusha vipande. Kinyago cha ujamaa, kile cha watu waliopandana wakishikiliana, ndicho kizuri kuanza nacho: mtoto ahesabu watu kutoka chini hadi juu, atashangaa wanaendelea kutokea.

Ukinunua ukaambiwa ni mpingo, kiinue. Mpingo ni mzito hadi huzama majini. Mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu ni mwepesi, na ukiukwaruza kidogo kitakoni weupe unatokea. Lakini usimkurupukie mtu: hata mpingo halisi una sehemu ya nje yenye rangi ya manjano, na wachongaji wengine huiacha makusudi.

Kijiji cha Makumbusho kiko karibu, Barabara ya Bagamoyo, na nyumba zake za asili za makabila mbalimbali zimejengwa kwa ukubwa halisi. Uliza langoni saa za ngoma. Mikocheni B kuna Nafasi Art Space, iliyoanza 2008, ambako wasanii wanafanyia kazi kwenye makontena na kuta zenyewe zimechorwa. Kwa kijana wa miaka 13 anayependa chata za ukutani, hapo ndipo pa kumpeleka. Kabla ya kwenda, angalia kwenye kurasa zao kuna onyesho gani.

Hatua ya 7: Tengenezeni tiara mliyoichora wenyewe

Hii ni kazi ya saa za jua kali mkiwa nyumbani. Mnahitaji chelewa 12 ndefu kutoka kwenye fagio jipya, karatasi moja kubwa ya gazeti au ya kufungia zawadi, uzi wa pamba mita 30, kitambaa chakavu, vijiko 2 vya unga wa ngano na nusu kikombe cha maji.

1. Pika gundi: koroga unga na maji ya baridi hadi uvimbe uishe, ndipo uweke motoni, koroga dakika 3. Iache ipoe.
2. Chora picha kwenye karatasi sasa, kabla haijabandikwa. Umbo liwe moja, kubwa, la rangi 2 au 3. Likiwa juu angani, vitu vidogo havionekani. Tumia rangi ya maji nyepesi na usiloweshe gazeti mara mbili mahali pamoja.
3. Chelewa moja ni laini mno. Funga 6 pamoja kwa uzi kila baada ya sentimita 8, huku ncha nene zikipishana, 3 huku na 3 kule. Fanya mafungu 2, kila moja sentimita 60.
4. Weka fungu moja wima, la pili lipite mlalo sentimita 18 kutoka juu. Funga kwa uzi wa msalaba, hadi lisicheze.
5. Pitisha uzi kwenye ncha zote 4 kuzunguka, uwe umekaza bila kupinda vijiti.
6. Kata karatasi ikizidi huo uzi kwa sentimita 2 pande zote, kunja juu ya uzi, bandika. Kausha kivulini saa 2.
7. Kwa upande wenye picha, funga uzi wa sentimita 80 kutoka karibu na ncha ya juu ya kijiti cha wima hadi karibu na ncha ya chini. Huo ni uzi wa hatamu. Piga kitanzi kidogo juu yake, usawa wa pale vijiti vinapopishana au juu yake kidogo. Uzi mrefu unafungwa hapo.
8. Mkia: vipande vya kitambaa vya upana wa sentimita 3, jumla mita 3.

Kaskazi hushika nguvu alasiri. Rusheni saa 10 kwenye uwanja mpana wa mtaa au mchangani.

*Hatari:* nyaya za umeme. Kama uwanja una nguzo, si uwanja wa tiara. Msitumie waya, wala mshipi wa kuvulia, unakata vidole na shingo za wenye bodaboda.

Hatua ya 8: Coco na daraja

Asubuhi ya bamvua tembeeni kwenye mawe mkiwa na viatu, maana mabwawani kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi na mwamba wenyewe unakata. Mtoto achore mchangani umbo kubwa kuliko yeye, kwa kijiti, kisha apande kwenye mwinuko alitazame. Maji yakianza kurudi, ondokeni kwenye mawe mara moja. Maji yakijaa Coco ina mawimbi na mkondo. Kuoga si kwa watoto, na mtu mzima asiyejua kuogelea aishie magotini.

Jioni mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili ipo, na Januari maembe ya kukatwa yenye chumvi. Kutoka hapo Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita moja na kidogo na njia ya waenda kwa miguu. Tembeeni, msisimamishe gari juu yake.

Yakitokea matatizo

*Mtoto amechoka nusu ya njia.* Kawaida ni kiu au njaa. Kivuli, maji, ndizi, dakika 15. Akiwa mwekundu, anaumwa kichwa au hatoki jasho, safari imeisha: mlowesheni kwa kanga ya maji na mwende kituo cha afya kilicho karibu.

*Ukuta uliosomwa habari zake umefutwa.* Michoro ya ukutani Dar haidumu, jua na rangi mpya ya matangazo huimaliza. Pigeni picha ukuta ulivyo sasa na muandike tarehe. Likizo ijayo linganisheni.

*Mtu anadai hela baada ya picha.* Makubaliano yafanyike kabla. Kama hamkukubaliana, futa picha mbele yake, omba radhi, endelea na safari.

*Tiara inazunguka kama pia.* Ongeza mkia nusu mita. Ikiendelea, bawa moja ni zito. Pima ncha zote mbili za kijiti cha mlalo kutoka katikati.

*Inavuta sana lakini haipandi.* Kitanzi kiko chini mno, kisogeze juu sentimita 1. *Inapepesuka na kudondoka kifudifudi.* Kimepanda mno, kishushe sentimita 1. Usisogeze zaidi ya hapo kwa mara moja.

*Imenasa kwenye waya wa umeme.* Achia uzi, ondoa watoto wote chini yake, usiivute wala usitumie mti kuitungua. Pigieni TANESCO. Chelewa zilizobaki kwenye fagio zinatosha tiara nyingine.